Siku moja mtaroni Nkuhungu

Saa 12 asubuhi niko njiani, mabuti ya mpira begani. Ni Novemba. Huku Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na ikianza haikungoji utafute koleo.

Saa 1. Tuko vibarua watano wa kuzibua mtaro. Mtaro huu ulijengwa unifike kiunoni. Leo nikisimama ndani yake unanifika magotini. Kina kilichopungua kimejaa mchanga mtupu.

Saa 3, kalvati, tundu la kupitishia maji chini ya barabara. Nalala kifudifudi, naingiza mkono: kiroba, matawi ya miiba, chupa za maji, ndala ya mtoto. Chini yake kuna tope jeusi la mbuga, limekauka hadi sururu inagonga na kurudi. Lilitula muda wa saa mbili na nusu. Chai tulinywa tumeinama.

Saa 6. Lori la kubeba mchanga halijafika. Mwaka jana pia halikufika. Mvua ya kwanza ikaurudisha wote mtaroni, tukalipwa tena kuutoa. (Kwa kibarua si hasara, lakini inauma.) Anatokea mama wa jirani na toroli.

"Mbukwenyi, mama."

Anaomba mchanga akajaze bondeni nyuma ya nyumba yake.

"Mama, hapo ndipo maji yanapolala kabla ya kuondoka. Ukipajaza yataingia kwa jirani."

"Basi naye ajaze, mwanangu."

Nimempa wa kuinulia baraza tu, toroli sita. Bonde nimemsihi aliache lilivyo. Ameitikia kwa namna ya mtu ambaye hajakubali.

Saa 8, ugali na mlenda. Mdogo wangu anapiga simu kutoka Dar, anakaa karibu na bonde la Msimbazi. Kwao hata mtaro msafi unagoma: mvua ikikutana na bamvua, bahari imejaa hadi mdomoni mwa mtaro, maji hayana pa kumwagika. Sisi mteremko tunao, mchanga ndio unatumaliza. Na maji yetu hufika baharini pia, kwa mito: Kinyasungwe, Mkondoa, kisha Wami. Njiani hayana adabu. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe.

Saa 10. Kalvati ya pili imezibuka, ukichungulia unaona mwanga upande wa pili.

Saa 11 na nusu. Lori bado. Naosha koleo. Upepo wa jioni umeanza, na mchanga wa ukingoni unarudi mtaroni punje kwa punje.