Kadi ya Leicester, mtu wa Amu

Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, naishi Leicester, Uingereza, na kila nikirudi nyumbani likizo kuna jambo linanikera kuliko uchovu wote wa safari: kulipia kitu mtandaoni kwa kadi yangu ya benki. Pesa ni zangu, jina ni langu, kadi ninayo mkononi. Lakini nikishakuwa upande huu wa bahari, benki yangu inanishuku mpaka nijithibitishe, na njia ya kujithibitisha wameiweka mahali nisipoweza kuifikia.

Safari hii nilikuwa namkatia mama tiketi ya ndege kutoka Manda, kisiwa cha jirani chenye uwanja wetu wa ndege, kwenda Nairobi. Ana mtoto wa jicho, daktari alishampangia siku, na kwa umri wake sikutaka kumvusha mpaka Mokowe, upande wa bara, kisha nimpakie basi. Nikajaza kila kitu: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarakimu za mbele za kadi, zile tatu za nyuma. Ikatokea nembo ya benki na maneno kwamba nimetumiwa nambari ya uthibitisho kwenye simu, niiandike kabla muda haujaisha. Laini yangu ya Uingereza ilikuwa ndani ya simu, ila nyumba yetu iko Mkomani, kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene, na ndani simu hushika kwa kubahatisha. Nikapanda mpaka sutuhini. Muda ukaisha, ukurasa ukajifunga, kiti nilichoshikiwa kikaachiliwa. Nikaanza upya, mambo yakawa yale yale. Magharibi ndipo meseji zikaingia zote kwa pamoja, kila moja na nambari yake, na hakuna hata moja iliyokuwa bado inafaa. Kufikia hapo kadi nayo ilishafungwa, eti kuna matumizi yasiyo ya kawaida.

"Kwani pesa si zako, mwanangu?" mama akaniuliza.

"Ni zangu, mama."

"Basi wakuuliza nini?"

Swali lake lilinifanya nilifuatilie jambo lenyewe. Ukaguzi huu si wa duka wala wa shirika la ndege. Kampuni ya kadi ya Visa ndio walioanza nao mwaka 2001, na mitandao mingine ya kadi ikafuata. Kisha sheria ikaufanya wa lazima: Umoja wa Ulaya uliweka masharti yaliyoanza tarehe 14 Septemba 2019, na Uingereza ikaanza kuyasimamia kikamilifu kwa ununuzi wa mtandaoni tarehe 14 Machi 2022. Benki inatakiwa ipate vithibitisho viwili kati ya vitatu: kitu unachokijua, kama neno la siri, kitu ulichonacho, kama simu, au kitu cha mwilini mwako, kama alama ya kidole. Kabla ya kukuuliza, mtambo wa benki hupima hatari ya malipo kwa kuangalia kifaa unachotumia, intaneti yako inatokea nchi gani, kiasi cha pesa, na mazoea yako ya kununua. Ukionekana salama, unaweza kupitishwa bila kuulizwa lolote.

Sasa tazama mimi nilivyoonekana. Kadi ya Uingereza, intaneti ya Kenya, tiketi ya ndege, abiria mwenye jina lisilo langu. Kila kipimo kilisema hatari. Ilhali hayo ndiyo maisha ya kawaida ya mtu yeyote aliye ughaibuni: anafanya kazi kule, anamlipia mzazi huku. Waliotunga vipimo hivi walimfikiria mtu mwenye nyumba moja, nchi moja na simu moja, na sisi tulio wengi hivi hatukufikiriwa.

Wezi wa kadi wapo na wanaumiza watu, hilo silikatai. Najua pia kwa nini benki zinajihami. Malipo yakishapitia ukaguzi huu, hasara ya wizi kwa kawaida humtoka muuzaji ikaiangukia benki iliyotoa kadi. Na kanuni za Uingereza za mwaka 2017 zinamlinda mteja: akiibiwa bila uzembe mkubwa wala ulaghai wake, hasara anayoweza kubebeshwa haizidi pauni 35. Ni ulinzi mzuri, nami nautaka. Lakini benki ikishaona mzigo ni wake, kwake ni rahisi zaidi kukataa kuliko kukubali, na gharama ya kukataliwa haiandikwi popote. Siku ya daktari ikipita, benki haitajua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba meseji yenyewe si kinga imara. Kenya tunaujua vizuri wizi wa laini: tapeli anaisajili upya nambari yako kwenye kadi yake ya simu, na meseji zote za benki zinamfikia yeye. Kwa hiyo njia inayomzuia mwenye pesa ndiyo hiyo hiyo mwizi amekwisha jifunza kuivunja.

Nikapiga simu benki. Baada ya kusubiri sana, kijana mmoja, mpole kwa kweli, akaniuliza jina la mama yangu kabla ya kuolewa. Nikamwambia kwetu mwanamke haachi jina la baba yake akiolewa. Alilozaliwa nalo ndilo analofia nalo. Akasema jibu halilingani na lililoko kwenye rekodi. Halafu akataka nambari ya nyumba na mtaa ninapofikia. Nimweleze nini? Amu mtu huulizwa nyumba ya nani, si nyumba nambari ngapi. Barua zetu huja kwa sanduku la posta, 80500 Lamu, na mletaji akifika Langoni au Mkomani huuliza watu barazani na kuonyeshwa mlango. Fomu ya benki haina nafasi ya kuandika hayo.

Mwisho tiketi aliikata binamu yangu. Ombi la M-Pesa likatokea kwenye simu yake, akaandika nambari yake ya siri, ikaisha. Mama akavuka Manda kwa boti, akasafiri, jicho limefanyiwa upasuaji na anaona.

Benki nimewaandikia barua. Mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza, FCA, imeshaziambia benki zisitegemee simu ya mkononi peke yake, zifikirie wateja wasio nayo au wanaokaa mahali pasipo na mtandao wa simu. Nataka nijue mimi niko wapi katika hesabu hiyo.

Ewe unayejiandaa kurudi nyumbani, kabla hujapanda ndege waulize benki yako: nikiwa sina mtandao wa simu lakini nina intaneti, nitaidhinishaje malipo? Wakikwambia kwa programu yao, iweke kwenye simu utakayosafiri nayo ukiwa bado huko, kwa sababu nyingi zikiwekwa upya hutuma meseji kwanza. Wakikwambia ni meseji tu, tafuta kadi ya pili ya benki nyingine, na usiiache laini yako ya Safaricom ikae bila kutumika mpaka ikafungwa.