Mzee wa Magomeni na Ekari Yake ya Mahindi

Juzi binti wa dada yangu kanitumia voisi ndefu, matokeo ya fomu siksi yametoka, dirisha la udahili liko wazi, anauliza, "Ma'mdogo, ukitaka kuwa mhariri chuo unasomea nini?" Nikamwambia ntakujibu jioni. Jioni ikapita, na mpaka sasa badala ya kujibu nimebaki namuwaza mzee wa Magomeni.

Ilikuwa 2008, nimemaliza HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili. Baba anataka ualimu, maana mkopo hausumbui na ajira ipo, mi nataka uhariri, na kitabu cha kozi cha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimekipekua mbele nyuma, digrii ya uhariri siioni. Kuna Kiswahili, kuna isimu, kuna uandishi wa habari kule Mikocheni, basi. Ule mfumo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, wa kuomba kwa pamoja ulikuja 2010, sisi tulijaza fomu kwa peni na ukikosea umekosea. Baba akasema kabla hujaiharibu hiyo fomu twende kwa mzee fulani, alihariri vitabu enzi za mashirika ya umma, huyo atakutoa hilo pepo.

Tulimkuta barazani, kavaa singlendi na msuli, meza imejaa karatasi zilizokandamizwa na jiwe zisipeperuke. Alikuwa anasoma kwa rula. Anaiweka chini ya mstari, akimaliza anaishusha, midomo inacheza bila sauti, na kila akifika kwenye tarakimu anasimama, anaizungushia duara kwa penseli hata kama haina shida. Hakuniuliza kama napenda kusoma vitabu. Kanisogezea ukurasa mmoja wa kijitabu cha kilimo cha mahindi. "Huu umeshapitiwa na kijana wa digrii ya Kiswahili, na kazi yake safi. Tafuta kosa."

Nikatafuta. Kweli ulikuwa msafi, r na l kila moja mahali pake, koma zimetulia, "kwa sababu" maneno mawili kama inavyotakiwa. Nikarudia toka juu. Baba naye kaanza kuchungulia begani kwangu, anapumua. Mzee akanywa kahawa yake mpaka ikaisha ndo akaita ndani, "Mama, njoo mara moja." Mkewe akatoka na mwiko mkononi, alikuwa bibi shamba Kilosa kabla ya kustaafu, mzee akamsomea: panda sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, utapata miche 44,444 kwa ekari.

"Kwa ekari? Hayo mahindi au mchicha? Hiyo ni hesabu ya hekta bwana." Akarudi jikoni, wali ulikuwa unaungua.

Mzee akaandika pembeni mwa ukurasa ili baba aone: hekta ni mita za mraba 10,000, gawa kwa 0.225, unapata 44,444. Ekari ni kama 4,047 tu, inakuja karibu miche 18,000. Yaani mkulima angenunua mbegu mara mbili na zaidi ya anayohitaji, au aibananishe yote humohumo shamba life. "Kiswahili unacho," akaniambia, "kilichobaki utakipata mezani. Nenda kasomee kitu."

Kitu gani, hakusema. Kwenye daladala baba ndo akamalizia, "Si umesikia? Kasomee kitu. Ualimu ni kitu."

Nikajaza Jiografia na Mazingira, nikapata. Mwaka uliofuata TUKI, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Mlimani, ikaunganishwa na Idara ya Kiswahili ikawa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na marafiki zangu wa upande ule wakikaa kantini ni ngeli na mofimu, mi nabaki kutabasamu. Na kwa kweli mzee alisema kweli, ila nusu. Jiografia imeniokoa kwenye ramani na vipimo, mwandishi akiniletea Rufiji inayomwaga maji kwenye Ruaha Mkuu namrudisha hapohapo. Ila kazi nyingi zinazonifikia ni hadithi za watoto na ripoti za asasi, na huko wa Kiswahili wananiacha mbali, upatanisho wa kisarufi nimejifunza usiku kwa noti zao za kuazima. Wateja wa siku hizi nao wanakuuliza kwanza kama unajua kupanga kurasa kwenye kompyuta, cheti baadaye, wengine hawakiulizi kabisa. Sasa huyu mtoto nimwambie nini? Asome Kiswahili apate kazi mapema, au asome kitu kingine apate cha kubishana na mwandishi? Vyote viwili sawa, ila nani atalipa.

Kijitabu kilichapwa, mzee akanipa nakala. Ekari imerekebishwa, miche 18,000, na ndani ya jalada kuna jina la mzee na la yule kijana wa digrii. La mama hamna. Nilipomuonyesha wala hakufungua ndani, aliangalia tu picha ya shamba kwenye jalada, akasema hayo mahindi yamepandwa karibu mno.