Sebule Yenye Meko: Kwanza Kaa, Kisha Upange Viti

Tulipohamia katika nyumba tunayoishi sasa, sebule ilikuwa tupu kabisa, isipokuwa meko ya ukutani yaliyojengwa kwa matofali ya kuchoma, ambayo kinywa chake kilikuwa kimeshika masizi hadi kwenye rafu ya juu. Niliyapenda tangu siku ya kwanza, na kwa sababu ya mapenzi hayo nilifanya haraka. Kabla hatujawasha moto hata mara moja, nililipanga kochi kubwa pamoja na viti viwili katika mstari mmoja unaoyatazama meko. Jioni ya kwanza ya baridi tuliketi kama abiria ndani ya basi, kila mmoja akitazama mbele, na aliyetaka kuzungumza na mwenzake alilazimika kupinda shingo. Mama mkwe wangu, niliyempa kiti cha karibu kwa heshima, alivumilia kama nusu saa, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, magoti yanaungua na mgongo unaganda."

Maneno hayo yalinifanya nijiulize swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: joto la meko hufika wapi hasa? Hewa nyingi iliyopashwa na moto hupanda na kutoka kupitia dohani, kwa hiyo kinachomfikia mtu aliyeketi ni mnururisho wa miali na makaa, ambao husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga. Kiungo kinachoonana na moto hupata joto, na kilichofichwa nyuma ya meza au mkono wa kochi hukosa. Benjamin Thompson, mwanasayansi mzaliwa wa Marekani anayejulikana zaidi kwa cheo chake cha Count Rumford, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1796, akapendekeza meko yapunguzwe kina, kuta zake za pembeni zifanye pembe ya digrii 135 na ukuta wa nyuma ili zirudishe joto chumbani, na koo la dohani libanwe ili moshi upande vizuri bila kubeba joto lote. Meko yetu hayakujengwa hivyo. Ni ya kina kirefu na kuta zake zimesimama wima kama za sanduku, ndiyo maana joto lake hutoka kwa njia nyembamba na kumwacha aliyekaa pembeni kabisa akitetemeka.

Basi niliviondoa viti vyote, nikachukua stuli nyepesi na kipande cha chaki. Kwa jioni tatu mfululizo niliwasha moto, nikauacha ukolee kwa nusu saa, kisha nikawa nahamisha stuli hatua kwa hatua kutoka kila upande. Mahali ambapo miundi ya miguu ilishindwa kuvumilia niliweka alama ya mkato, na mahali ambapo mkono ulianza kutafuta mtandio niliweka alama ya duara. Nilipounganisha alama hizo sakafuni, nilipata umbo la ungo uliokatwa nusu: mpaka wa ndani ulikuwa kiasi cha mita moja na nusu kutoka kwenye kinywa cha meko, na mpaka wa nje haukufika mita tatu. Kati ya mipaka hiyo miwili ndipo sebule yetu ilipo. Kilichobaki cha chumba ni njia, rafu za vitabu na nafasi ya kupumua.

Mpangilio ulijileta wenyewe baada ya hapo. Makochi mawili madogo yanatazamana, kila moja likiwa ubavuni mwa meko, na kati yake kuna takriban mita mbili na nusu, umbali unaomruhusu mtu kuzungumza bila kupaza sauti. Kiti kimoja chenye mgongo mrefu kinakaa mshazari upande wa nne, na kimeachiwa nafasi pande zote mbili ili anayetoka mlangoni asipite kati ya moto na watu. Mgongo mrefu una kazi yake, kwani huzuia hewa baridi ambayo dohani huivuta kutoka kwenye nyufa za milango kila moto unapowaka.

Kuhusu vifaa, nina msimamo mkali juu ya zulia. Zulia la sufu halishiki moto kwa urahisi, na cheche ikiruka juu yake kwa kawaida huacha doa jeusi linaloweza kupigwa brashi, ilhali la nailoni huyeyuka na kubaki na tundu gumu. Hata hivyo, hakuna zulia linalopaswa kuingia juu ya sakafu ya mawe iliyo mbele ya meko. Sakafu hiyo inafaa itokeze angalau sentimita 40 mbele ya kinywa na sentimita 20 kila upande, na zaidi ya hapo ikiwa kinywa ni kikubwa. Fanicha za mbao za kubandika zikae mbali. Kabati letu lilianza kubanduka ukingo baada ya msimu mmoja tu.

Televisheni sikukubali iwekwe juu ya meko, ingawa mume wangu alikuwa amekwisha kupima ukuta. Pale juu joto na masizi huiharibu, na mtazamaji hulazimika kuinua kidevu kwa saa nzima. Iko kwenye ukuta wa pembeni, na yeye mwenyewe sasa anapapenda. Kioo nacho, kikitundikwa juu sana, huonyesha dari tupu, kwa hiyo chetu nimekiinamisha kidogo. Taa ya dari huzimwa moto ukiwaka, kwa sababu mwanga mkali huufanya mwali uonekane hafifu. Taa mbili za pembeni zinatosha.

Kabla ya mapambo yoyote, dohani ikaguliwe na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka, na king'ora cha kaboni monoksidi kifungwe, kwa kuwa gesi hiyo haionekani wala hainuki. Kuni ziwe kavu kweli, zenye unyevu usiozidi asilimia 20, maana kuni mbichi huacha ndani ya dohani utando wa lami ambao siku moja unaweza kuwaka. Ndani ya sebule ninaweka kuni za jioni moja tu, kwenye kikapu cha chuma kilichowekwa mbali na cheche.

Alama za chaki sikuzifuta. Nililitandika zulia juu yake. Juzi nilikunja pembe moja ili nisafishe, nikaona kwamba kiti cha mama mkwe kimesogea kama shubiri mbili kuelekea motoni, miguu yake ya mbele ikiwa imekanyaga mpaka wa ndani. Nililishusha zulia, nikakiacha hapo hapo.