"Still" na "bado" yetu

Niliwahi kuulizwa kwa simu, kwa Kiingereza, kama mgeni tuliyekuwa tukimsubiri alikuwa amefika, nami nikajibu kwa neno moja tu: "Still." Upande wa pili ukawa kimya, kwa kuwa aliyeniuliza alikuwa akingoja nimalizie sentensi, ilhali kwangu ilikuwa imekwisha. Akilini nilikuwa nimesema "Bado".

Neno letu "bado" hubeba mizigo miwili. Tukisema "bado amelala", hali iliyokuwapo inaendelea, tukiulizwa "Amefika?" tukajibu "Bado", jambo linalotarajiwa halijatokea. Kiingereza kimeigawa mizigo hiyo: "still" huchukua wa kwanza, na wa pili huenda kwa "yet" pamoja na ukanushi, ndiyo maana jibu langu lilipaswa kuwa "Not yet". Katika Kiingereza cha kale "still" lilimaanisha kutulia pasipo kusogea, maana ambayo ingali hai linapotumiwa kama kivumishi, na anayeikumbuka hatatatizika kuona kielezi hiki kikishikamana na hali isiyobadilika.

Ugumu halisi, kwa maoni yangu, umo katika ukanushi. "He hasn't come yet" ni taarifa tu: hajafika. Lakini "He still hasn't come" hubeba kero au wasiwasi wa mtu aliyengoja kupita kiasi, kama sisi tunaposema "mpaka sasa hajafika!" Hapo "still" hutangulia kitenzi kisaidizi chenye ukanushi, tofauti na sentensi yakinishi, ambamo hukaa kabla ya kitenzi kikuu, "she still works", au baada ya kitenzi cha kuwa, "she is still here". Wanaoandika barua za kikazi nawasihi wawe waangalifu sana, kwani kumwandikia mtu "You still haven't replied" ni kumlaumu, hata kama nia ilikuwa kumkumbusha kwa upole.

Mwanzoni mwa sentensi, likifuatwa na mkato, "still" humaanisha "hata hivyo". Likiandamana na ulinganishi, kama katika "better still", huonyesha kwamba linalofuata limelizidi lililokwisha kutajwa, na hapo anayetafsiri aliache kabisa neno "bado" aandike "bora zaidi ya hayo".