Usingizi wa Macho Wazi: Niliyojifunza kwa Sungura Wangu Wawili

Kwa muda wa wiki tatu za mwanzo niliamini kwamba Pamba hapati usingizi hata kidogo. Kila nilipopita karibu na banda lake, iwe adhuhuri au usiku wa manane, nilimkuta amejikunyata palepale, macho yakiwa wazi na yakinielekea, nami nikaingiwa na wasiwasi kwamba mnyama niliyemleta nyumbani anakesha kwa hofu. Hofu alikuwa nayo kweli siku hizo, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kigeni kwake, lakini katika suala la kulala nilikosea kabisa. Alikuwa akilala mara nyingi kwa siku, tena mbele ya macho yangu, ila mimi sikujua kuusoma usingizi wake.

Sungura anaweza kulala bila kufumba macho. Ana kope la tatu, utando mwembamba unaojitokeza kwenye pembe ya ndani ya jicho, ambao husaidia kulilinda jicho na kulitunzia unyevu. Na hata akiwa macho hupepesa mara chache mno, takribani mara 10 hadi 12 kwa saa nzima. Macho yenyewe yamekaa ubavuni mwa kichwa, kiasi kwamba anaona karibu pande zote bila kugeuka, isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele kabisa ya pua yake. Mnyama ambaye wazazi wake wa kale waliwindwa na mwewe kutoka juu na mbweha kutoka ardhini hawezi kulala kama alalavyo paka, aliyejimwaga juani bila kujali nani anapita. Kwa hiyo anayetaka kujua kama sungura amelala asiangalie macho, aangalie pua. Sungura aliye macho huichezesha pua yake karibu wakati wote, na akiwa na msisimko inaweza kucheza hata mara 120 kwa dakika. Usingizi unapomchukua, mwendo huo hupungua, halafu hutulia; masikio hulegea na kulala nyuma juu ya mgongo, na pumzi huwa ndefu zaidi. Siku niliyoiona pua ya Pamba imetulia kwa mara ya kwanza, macho yakiwa bado wazi, nilisimama mlangoni bila kuthubutu kupiga hatua.

Watu wengi husema sungura ni mnyama wa usiku, jambo ambalo si sahihi. Sungura wa kufugwa ametokana na sungura wa porini wa Rasi ya Iberia, yaani nchi za leo za Hispania na Ureno, ambaye huishi kwa makundi katika mashimo aliyoyachimba ardhini na hutoka kutafuta malisho hasa alfajiri na magharibi. Saa hizo za utusitusi zina faida kwake: jicho lake limeumbwa kuona vizuri katika mwanga hafifu, ingawa katika giza totoro haoni, na wanyama wengi wanaowinda kwa mwanga mkali wa mchana huwa hawaoni vizuri sana wakati huo. Vizazi vingi vya kuishi na binadamu havijaubadilisha mpangilio huo kwa kiasi kikubwa. Pamba na mwenzake Kivuli, dume aliyehasiwa ambaye nilimleta miezi kadhaa baadaye, huanza kuchangamka kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri, hula na kuzunguka hadi kama saa 2 asubuhi, kisha hujitenga pembeni na kupitisha sehemu kubwa ya mchana wakipumzika. Kuanzia saa 11 jioni nyumba huwa yao. Hukimbizana, hukagua kila kona kana kwamba hawajapata kuiona, na mara kwa mara mmoja wao huruka juu na kujipinda hewani, kichwa kikielekea huku na kiwiliwili kule. Hiyo ndiyo furaha ya sungura, na sijui kitu kinachoniondolea uchovu wa siku kama kuitazama. Usiku wa manane hupumzika tena, lakini kwa vipande vipande, wakiamka kula na kulala upya.

Usingizi wao kwa jumla ya siku nzima hukadiriwa kuwa takribani saa 8, lakini hesabu hiyo isimpotoshe mtu akadhani wanalala mfululizo. Ni vipande vifupi vifupi vilivyotawanyika mchana na usiku, kimoja dakika chache, kingine zaidi, na katikati yake kuna kupumzika tu bila kulala.

Katika saa za kupumzika, mara nyingi sungura hufanya jambo ambalo humshtua mfugaji mgeni: huinamisha kichwa chini ya mwili wake na kula kinyesi chake mwenyewe. Si kile kinyesi kikavu cha mviringo tunachokifagia, bali ni kinyesi laini, kilichoshikamana kama kishada cha zabibu ndogo, ambacho hutengenezwa katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, mahali ambapo bakteria huchachusha chakula na kuzalisha vitamini za kundi B na protini. Sungura hukipokea moja kwa moja na kukimeza ili virutubisho hivyo vipite tumboni kwa mara ya pili. Anayemvurugia sungura mapumziko ya mchana, kwa kumbeba au kumtoa bandani kila saa, humvurugia pia sehemu ya mlo wake. Nililielewa hili kwa kuchelewa, baada ya wiki kadhaa za kufanya usafi wa banda saa 6 mchana kwa sababu tu ndio wakati ulionifaa mimi. Siku hizi nafanya usafi jioni, wakiwa nje.

Mkao wa kulala una mengi ya kusema. Sungura asiye na uhakika hulala amejikusanya kama kifurushi, miguu yote ikiwa chini ya mwili, tayari kuruka. Anayeanza kuzoea hunyoosha miguu ya nyuma kando. Aliyetulia kabisa hujitupa ubavu kwa ghafla, kwa namna ambayo mtu asiyejua atadhani ameanguka na kufa, akaacha tumbo wazi na macho yakafumba. Nikimkuta Pamba katika hali hiyo huona masharubu na nyayo zake zikitikisika kidogo, dalili kwamba yumo katika usingizi wa ndoto. Ilimchukua miezi 5 kunionyesha ubavu wake.

Kuna kitu kimoja ambacho watu hukiita usingizi na si usingizi, nami naomba kila anayefuga sungura akiache. Ukimlaza sungura chali mikononi, mara nyingi hukakamaa na kutulia tuli, na wapo wanaosema kwamba amelala au amestarehe. Ukweli ni kwamba hiyo ni hali ya woga mkubwa, ile ambayo mawindo huingia yanapokamatwa na kukosa njia ya kutoroka. Utulivu huo si ridhaa.

Mpangilio wa saa huanza mapema mno katika maisha ya sungura. Vitoto huzaliwa vipofu na bila manyoya, baada ya mimba ya takribani siku 31, na macho yao hufunguka wakiwa na umri wa siku 10 hivi. Mama yao hakai nao: kwa kawaida huingia kwenye kiota mara moja tu kwa siku, wakati wa giza au karibu na alfajiri, huwanyonyesha kwa dakika tatu au nne, kisha huondoka ili asiwavutie wawindaji. Vitoto, ambavyo bado haviujui mwanga, huanza kuchangamka muda mfupi kabla ya mama kufika, kana kwamba vina saa ndani ya miili yao. Watu wasiojua haya huona mama hayupo na kudhani ametupa watoto wake.

Kwa upande wa mazingira, sina mengi. Taa isiwake usiku kucha, kwa sababu mwili wa sungura huzitambua saa kwa kupishana kwa mwanga na giza. Pawe na mahali penye paa na kuta pa kujificha, pawe na nyasi kavu wakati wote, na joto lidhibitiwe, kwani sungura hatoi jasho kama sisi na hutegemea zaidi masikio yake kupunguza joto la mwili. Ukisikia usiku kishindo cha mguu wa nyuma ukipigwa sakafuni, usimkaripie. Amesikia au amenusa kitu na anatoa tahadhari kwa kundi lake, nawe umo ndani ya kundi hilo.

Jambo lililonifanya niandike haya lilitokea jioni moja ambapo saa 12 ilifika na Kivuli hakutoka. Pamba alikuwa tayari anazunguka chumba. Kivuli alibaki pembeni, amejikusanya kama sungura anayelala, macho yakiwa nusu yamefumba, na zamani ningesema kwamba amechoka. Lakini haikuwa saa yake ya kulala. Nilipomkaribia niliona mgongo umejikunja isivyo kawaida, tumbo amelikandamiza chini, na nikasikia akisaga meno kwa nguvu, tofauti na ile sauti laini ya meno anayoitoa nikimkuna paji la uso. Nyasi za mchana zilikuwa hazijaguswa na sakafuni hapakuwa na kinyesi kipya. Sungura asiyekula kwa muda wa saa 10 hadi 12 yumo hatarini, maana utumbo wake haupaswi kusimama, kwa hiyo sikusubiri asubuhi. Daktari wa mifugo alithibitisha kwamba utumbo ulikuwa umepunguza mwendo mno. Akampa maji kwa sindano chini ya ngozi na dawa ya maumivu, akanielekeza namna ya kumlisha uji maalumu kwa bomba, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache.

Nililala sakafuni karibu na banda usiku huo, Pamba akiwa amejibanza ubavuni mwa mwenzake. Saa 11 alfajiri, kabla sijafungua macho vizuri, nilisikia unyasi mmoja ukitafunwa, polepole, kisha wa pili.