Siku moja maishani mwangu: moshi wa mathenge kwenye glasi, Tucson

Saa mbili asubuhi. Nampigia mama. Marigat ni saa kumi na mbili jioni, mbuzi wanarudi zizini na nawasikia kwenye simu. Juzi nilimtumia picha ya mti ulio nje ya nyumba ninayopanga. "Huo si mathenge?" Ni jamaa yake, mama. Hapa wanauita mesquite, na jangwa hili la Arizona ndilo kwao. Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa hapa, wamesaga maganda yake kuwa unga tangu enzi za mababu. Mama kimya. Kwetu Baringo maganda hayo yenye sukari yaliozesha meno ya mifugo hadi, mwaka 2006, watu wakafika mahakamani Nairobi na mbuzi kibogoyo kama ushahidi.

"Na huko mnaufanyia nini?" Nikamwambia kuni. Kwamba mwanawe anauza pombe iliyokaushiwa kimea kwa moshi wake, hilo nimeliacha kwa leo.

Saa sita. Kufua, kiporo, basi. Joto la kupasua kichwa.

Saa nane mchana. Baa. Nakata ndimu, nafuta glasi.

Saa tisa na nusu. Hapa ndipo siku yangu inapoanza hasa. Kabla ya kufungua tunaonja tutakachouza jioni, na leo ni wiski za kimea za Marekani. Kanuni ya serikali iliyoanza kutumika Januari 2025 inataka shayiri iliyooteshwa peke yake, kiwanda kimoja, na mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700. Moshi si lazima. Unaingia shayiri mbichi iliyochipua inapokaushwa juu ya moto, na kinachowashwa chini ndicho kitakachosikika kwenye glasi miaka baadaye.

Nimeanza na Del Bac isiyo na moshi, ya hapa hapa Tucson. Ukitangulia na ya moshi, ulimi hausikii kingine. Kisha Dorado yao, asilimia 45. Mwanzilishi, Stephen Paul, alikuwa akitengeneza samani za mesquite, na mkewe Elaine ndiye aliyemuuliza kwa nini wasikaushe shayiri kwa moshi wa mti huo.

Nilishika glasi yenye tumbo, nikaisogeza puani taratibu, mdomo wazi kidogo ili pombe isichome. Kwanza asali na ganda la chungwa. Halafu ukaja wenyewe: moshi mkavu, mtamu, wenye ukali mdogo wa gome lililoungua. Nikaacha kuandika kwenye daftari. Ule ni moshi wa makaa ya mathenge, yale tuliyokuwa tukiyapanga kwa magunia kando ya barabara ya Nakuru, nikiwa na miaka kumi. Mwenzangu wa Sonora, Mexico, anasema ni nyama choma ya kwao. Tuko sawa sote wawili.

Nikatia matone mawili ya maji. Utamu ukafunguka, moshi ukasogea nyuma ya koo. Ya tatu, McCarthy's ya Oregon, kimea chake hukaushwa Scotland kwa moshi wa mboji ya kinamasi. Ni nzuri, ina dawa na chumvi ndani yake, lakini ni moshi wa nchi ya mvua. Kwangu Dorado imeishinda, na sisemi hivyo kwa sababu ya nyumbani tu: moshi wake hauzibi shayiri.

Saa moja jioni. Baa imejaa. Kijana ameagiza Dorado na barafu tele. Nikamwomba ainuse kwanza kavu, barafu baadaye, kwa kuwa baridi huficha harufu iliyokaa pipani muda wote huo. Alinusa, akanusa tena. Barafu iliyeyuka pembeni.

Saa tano usiku. Viti vimepinduliwa juu ya meza. Glasi yangu ya mchana niliiweka kando bila kuiosha, sasa imekauka. Nimeiinamia. Pombe imekwenda, asali imekwenda, imebaki harufu ya tanuri la makaa asubuhi ya kulifukua, udongo ukiwa bado vuguvugu, mama akiniambia nisisogee miguu mitupu.

Nikaiosha mwisho kabisa, baada ya zote.