Kutwa nzima na mafundi wa betri, Kibuye

Saa kumi na mbili asubuhi nahesabu vitu kabla ya chai: vidungio vya kidole, mirija yenye kifuniko cha zambarau, glavu, spiriti. Halafu jerikeni mbili za maji, sabuni na brashi ya kucha. Wanafunzi wa mazoezi hucheka brashi. Watacheka tu mpaka wafike.

Saa mbili bodaboda inanishusha Kibuye, hapa Kisumu, penye vibanda vya mafundi wa betri za magari. Nawaeleza tumekuja kupima risasi kwenye damu. Kijana mmoja anadakia: "Daktari, mimi sijapigwa risasi!" (Mimi ni wa maabara, lakini Kibuye mwenye glavu ni daktari.) Utani huo nimeuzoea; risasi ninayopima ni ile metali yenye sumu iliyo ndani ya betri. Huyu anaongeza kwamba ametoka kupumzika nyumbani mwezi mzima, kwa hiyo yuko safi. Hapo namkatalia. Risasi ya kwenye damu hupungua kama nusu kwa mwezi hivi ukiacha kuigusa. Iliyoingia kwenye mifupa hukaa miaka na mikaka.

Kuanzia saa tatu ni kunawa, na kazi yenyewe ndiyo hiyo. Vumbi la risasi hujificha chini ya kucha na kwenye mistari ya vidole. Tone la damu likipita juu yake hulizoa, ukabaki unapima uchafu wa ngozi. Mzee wa kwanza anasugua vizuri kabisa. Nageuka kuchukua pamba. Kumbe nyuma yangu anajifuta na tambara lake la kazi. Namdunga kidole; kimashine cha kupimia kinakaa dakika tatu, kisha kinaonyesha kiwango kilichopita upeo wake. Mzee ananitazama. Mkewe, anayeuza uji hapo kando, naye ananitazama. Kosa ni langu, karatasi ya kujikaushia ilikuwa bado kwenye begi.

"Mzee, tusiogope bado. Huenda hilo ni tambara limesema."

Namtoa damu ya mshipa mkononi, iende maabara.

Saa sita, uji.

Saa saba yule mama wa uji, mkewe mzee, anamleta mtoto wao wa miaka miwili. Tunamnawisha mara mbili, analia mara tatu. Mikrogramu 7 kwa desilita. Tangu mwongozo wake wa 2021, Shirika la Afya Duniani linasema ikifika 5 chanzo kitafutwe na kizuiwe. Mtoto huyu hajawahi kushika betri. Nawavuta pembeni, nauliza baba akifika nyumbani jioni hufanya nini kwanza. "Humbeba," mama anasema. Mzee anatazama ovaroli yake. Mtoto naye namtoa damu ya mshipa, ya kuthibitisha.

Saa kumi niko maabara. Damu hii haizungushwi kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha chembe na maji ya damu, kama ile ya vipimo vingine: karibu risasi yote hukaa ndani ya chembe nyekundu, ukipima yale maji ya njano umekosa ulichotafuta. Naandika lebo, naweka mirija kwenye friji.

Saa moja usiku simu inalia. Ni mzee. Nadhani anauliza majibu, namwambia bado.

"Najua. Nauliza hii ovaroli, tuifue pamoja na nguo za mtoto?"

"Peke yake, mzee. Na msiikung'utie ndani."

"Sawa. Basi leo imelala nje."